Gari la Baba Nyuma ya Makuti

Juzi kijana mmoja aliegesha gari mbele ya duka langu la leso hapa Ukunda, akaacha injini inanguruma huku yeye anazungumza na simu. Lilikuwa gari dogo la kawaida, lakini mngurumo wake haukuwa wa kawaida. Lilikuwa linatetemeka pale pale liliposimama, na nyuma linatoa moshi wenye harufu ya petroli ambayo haikuungua sawasawa. Harufu ile iliingia dukani kabla sijainua kichwa. Niliinuka nikafunga dirisha, na nilipokwisha kulifunga ndipo nikajiuliza ni nani aliyeutuma mkono wangu. Ulikuwa umekwenda wenyewe, upesi, kama mkono uliozoea kazi hiyo. Mimi ni mtu wa kushuku mambo, hata embe silinunui mpaka ninuse kikonyo chake. Lakini dirisha la chumba tulicholala utotoni, mimi na mdogo wangu Hamisi, sikuwahi kulishuku hata siku moja.

Baba alikuwa dereva wa hoteli moja ya Diani. Kazi yake ilikuwa kuwabeba watalii polepole, asiwatikise, asiwarushie vumbi, awaonyeshe nyani wa barabarani na kuwasubiri wapige picha. Nadhani mbio zote alizozikosa kazini alizihamishia kwenye gari lake mwenyewe, saluni ndogo nyeupe ya Kijapani aliyoinunua kwa mwalimu mstaafu wa Mkongani. Mwalimu yule alikuwa amelitumia gari hilo kwendea msikitini na shambani tu. Baba aliliangalia kama mtu anayemwangalia binti wa watu aliyefichwa ndani bure.

Gari lilikuja na kabureta, na baba hakuitaka. Alikuwa akitueleza habari zake tukiwa kwenye sinia, mkono mmoja una wali na mwingine unachora hewani. "Kabureta ni kama mpishi anayetia chumvi kwa kukisia," alisema. "Injeksheni ya umeme haikisii. Kila pumzi ya injini inapimwa na kompyuta, kisha inapewa petroli yake kwa kiasi."

"Nani anayetia chumvi kwa kukisia?" mama aliuliza.

"Sijasema wewe, Mama Hamisi."

"Basi kula."

Hakutosheka na kufunga injeksheni. Alikipeleka kichwa cha injini Mombasa kikachongwa uso, akatia pistoni zenye vichwa vilivyoinuka, ili hewa na petroli vibanwe zaidi kabla cheche haijapiga. Nguvu inatoka hapo, alisema. Lakini injini iliyobanwa hivyo ina hofu zake. Ikipewa petroli mbaya, moto unawaka kabla ya wakati wake, na injini inagonga ndani kama vijiwe kwenye mkebe. Ikigonga sana, pistoni zinatoboka. Kwa hivyo baba alianza kushuku petroli. Hakukuwa na kituo alichokiamini. Alikuwa anajitilia tone kiganjani, analisugua, anasubiri likauke, kisha anapitisha kidole kuona kama pamebaki utelezi wa mafuta ya taa. Mara nyingi aliuona utelezi hata pasipokuwa nao.

Na petroli haikuwa peke yake. Baba alishuku macho ya watu. Vijana wenye magari walikuwa na desturi ya kukutana Jumapili asubuhi kwenye barabara iliyonyooka ya kuelekea Ramisi, wakajaribiana, na baba alikuwa amenuia kutokea siku moja bila mtu kujua alikuwa na nini. Kwetu kitu ambacho hakijakwisha hakianikwi. Nyumba inayojengwa hutundikwa chungu cheusi, mimba haitajwi mpaka ijitaje, na gari la baba lilifichwa uani. Alilizungushia ua wa makuti mrefu kuliko mtu, pande tatu, kisha akatandaza turubai juu. Upande wa nne ulikuwa ukuta wa nyumba, na katika ukuta huo mlikuwa na dirisha letu.

Humo ndimo alimokuwa akifanya kazi kila jioni akitoka hotelini, yeye na Deno. Deno alikuwa fundi wa umeme wa magari, kijana wa bara aliyekuja Ukunda kutafuta maisha. Mama hakumpenda kwa sababu alikuwa hasalimu vizuri. Angeingia uani akasema "Sasa, mathe," na mama angemjibu "Marahaba," ingawa hakuamkiwa. Mimi sikumpenda kwa sababu ya kisanduku.

Kilikuwa kisanduku cha bati, bapa, rangi ya fedha, na kilikaa chini ya zulia la gari pale abiria wa mbele anapoweka miguu. Nyaya ziliingia ndani yake kwa wingi, nyembamba, za rangi zote. Baba alisema hiyo ndiyo akili ya gari, na akatuonya kwa ukali usiokuwa wake: tusikiguse, tusikikanyage, na Mungu apishe mbali kisiingie maji, maana kikiingia maji gari limekufa. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikiogopea kitu namna ile. Hata msahafu wa nyumbani tuliruhusiwa kuugusa tukiwa na udhu.

Nilikuwa nikiwatazama kupitia dirishani. Deno alikuwa anachomeka kiwaya kilichopindwa kwenye soketi ndogo karibu na injini, kisha wote wawili wanainama mbele ya usukani, kimya, wanakitazama kitaa cha manjano kikipepesa. Midomo yao ilikuwa inacheza, kama ya wanaohesabu.

"Imesema nini?" baba aliuliza siku moja.

"Inasema injini iko baridi."

"Baridi vipi, na mimi siwezi kuigusa?"

"Achana nayo, boss, ni sensa ya joto imezubaa. Tena hiyo ni poa. Ikidhani iko baridi itamwaga petroli mob, hautawahi skia ikigonga."

Baba alifurahi. Petroli ikizidi ni moshi tu, alisema, ikipungua ni msiba. Wakaiacha hivyo. Mimi pale dirishani nilichokisikia ni kwamba kisanduku kinasema, na kwamba watu wazima wanakiuliza maswali na kukitii.

Hamisi alikuwa na kifua tangu mdogo, lakini kilikuwa kifua cha watoto wote, cha msimu wa baridi, cha mafuta ya karafuu na blanketi. Gari lilipoanza kuunguruma uani, kifua chake kikabadilika. Alianza kupiga miluzi akiwa amelala. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka, na ile ngozi iliyo chini ya koo ilikuwa inaingia ndani kila anapovuta. Kitanda chetu kilikuwa chini ya dirisha, na nilikuwa nalala nimemwekea mkono mgongoni ili nijue kama bado anapumua.

Nikaanza kukusanya ushahidi, kama ilivyo tabia yangu hata leo. Baba alikuwa amesema injini inavuta hewa, na kadiri inavyovuta nyingi ndivyo inavyopata nguvu. Hamisi alikuwa anakosa hewa. Siku gari lisipowashwa Hamisi alikuwa anacheza. Siku likiwashwa alikuwa anakaa ameshika magoti. Hewa iliyokuwa inaingia kwenye gari ilikuwa inatoka wapi, basi? Mimi nilikuwa na jibu. Nilichukua sufuria yenye kifuniko, nikaenda nayo mbele ya nyumba, upande wa barazani, nikaifunua, nikaipunga huku na huku mpaka nikaona imejaa, nikaifunika upesi. Kisha nikaenda kuifunua chini ya pua ya mdogo wangu. "Vuta," nikamwambia, na yeye, maskini, alivuta. Nilifanya hivyo mara nyingi. Mama aliniona na hakunikataza.

Shangazi Mejumaa, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyelitaja jambo kwa jina lake. Alikuja siku moja kutoka kwake Msambweni, akamtazama Hamisi, akasikiliza ngurumo ya kule uani, akaomba aonyeshwe kinachofichwa. Baba hakuweza kumkatalia dada yake. Shangazi alikitazama kisanduku na nyaya zake, akarudi ndani amejishika kiuno.

"Kaka yangu amefuga jini," alimwambia mama. "Na kinachofugwa hakili majani. Kinamtaka huyu mtoto."

Mama aliendelea kupeta mchele. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu, na nikajiambia kwamba ameamini. Kwani tangu zamani hizo alikuwa na mambo yake ambayo nilikuwa nimeyaona bila kuyaelewa. Kila asubuhi alikuwa analifuta dirisha letu kwa kitambaa, polepole, huku anasoma aya chini ya ulimi. Jioni, kabla baba hajawasha gari, alikuwa anarowesha leso nzima na kuitundika dirishani inachuruzika. Sasa nilijua. Mama alikuwa anapigana na jini, na leso ilikuwa kinga yake. Niliogopa sana, na pia niliona fahari kidogo, kwa kuwa katika darasa letu hakuna mtu mwingine ambaye mama yake alikuwa na vita vya namna hiyo.

Kisha likaja alasiri moja nilipotoka shule nikamkuta Hamisi mapajani kwa mama, midomo yake imekuwa rangi ya majivu. Baba alikuwa nyumbani na alikuwa ametoka kulizima gari. Aling'oa paneli ya makuti kwa mikono, akaitupa kando, na gari likatoka mbele ya majirani wote, hata boneti yake haikufungwa vizuri. Siku aliyoingoja kwa muda wote ule ilifika hivyo.

Sitasema uongo, gari lile lilikwenda. Tuliiacha Ukunda nyuma na miti ikawa ukuta. Mama alikuwa kiti cha nyuma, amemkalisha Hamisi wima, na mimi nimeishika miguu ya Hamisi kwa kuwa sikujua nishike nini. Kabla ya kufika Msambweni tukavisikia vile vijiwe ndani ya mkebe. Injini ilikuwa inagonga. Baba akapunguza.

"Mbona unapunguza?" mama aliuliza.

"Inagonga."

"Acha igonge, Baba Hamisi."

Nilimwona baba akimtazama mama kwenye kioo. Kisha akakanyaga, na sauti ile ikawa kubwa, na hakupunguza tena mpaka langoni mwa hospitali. Katika yote ninayomshuku baba yangu, hilo simshuku.

Hamisi aliwekewa mvuke wa dawa, na rangi ikamrudia midomoni. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alikaa na baba na mama akawauliza kama nyumbani kuna moshi. Mnapikia nini? Kuna anayevuta sigara?

"Tunapikia gesi," baba alisema. "Na mimi sivuti."

"Kuna gari," mama alisema.

Baba alicheka, kile kicheko chake cha kuwachekea watalii. "Msamehe, daktari. Dada yangu amemwambia gari langu lina shetani."

Daktari naye akatabasamu kwa adabu, akasema moshi wowote ule si mzuri kwa mtoto kama huyu, akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja ncha ya leso yake na kuikunjua. Nikamwonea haya. Nilikuwa mtoto, lakini nilikwisha kujua kwamba mbele ya daktari watu hawataji majini.

Tulirudi nyumbani. Baba aliliacha gari siku chache, akafungua injini akakuta pistoni ziko salama, akamshukuru Mungu, akarudisha makuti mahali pake. Jumapili aliyoinuia ilikuwa karibu. Nilimsikia mama akimwambia, kwa sauti ya chini, wakiwa mlangoni.

"Lisukumeni nje, mkaliwashe barabarani."

"Watu wote wamekwisha kulionyeshea vidole, unataka walimalize kabisa?"

"Basi watoto wahame chumba."

"Wahamie wapi, Mama Hamisi? Kichwani kwangu?"

Jioni hiyo gari lilinguruma, na Hamisi akaanza kupiga miluzi.

Kesho yake Shangazi Mejumaa alileta kombe. Kwa asiyejua, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha zikaoshwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Lilikuwa kwenye chupa, rangi ya chai nyepesi. Mama alimnywesha Hamisi, akampaka lililobaki kiganjani kifuani. Chupani mlikuwa bado na zaidi ya nusu. Baba alikuwa kazini. Mama alisimama akainyanyua ile chupa akaitazama kwenye mwanga, kisha akaniambia nimfuate uani.

Aliufungua mlango wa gari, akapiga magoti, akalikunja zulia taratibu kama anayekunja mkeka wa watu. Akasema Bismillahi. Akaimimina ile chupa yote juu ya kisanduku, pale nyaya zinapoingilia, bila haraka, akaizungusha ili kombe lifike kila pembe. Nilikuwa nasubiri kitu kipige kelele. Hakikupiga. Mama alilirudisha zulia, akaenda kuosha chupa.

Baba na Deno waliwasha gari jioni. Pakatokea mlio mdogo, kama wa ukucha, na harufu ya kuungua iliyochanganyika na marashi. Basi. Deno akakifungua kisanduku, akakigeuza, matone ya manjano yakadondoka.

"Boss," alisema, "hii imeenda."

Baba alitoka ndani ya ua wa makuti na uso ambao sikuwahi kuuona. Mama alikuwa ukumbini na Shangazi. "Ni nani?" baba aliuliza.

"Ni kombe," mama alisema. "La dada yako."

Shangazi aliinua mikono juu. "Alhamdulillahi, limetoka."

Baba alisimama pale. Nilimwona akitafuta mahali pa kuishika hasira yake na kila alipoishika ilikuwa na maneno ya Mungu juu yake. Mwishowe akakaa chini. Hakuipata kompyuta nyingine kama ile, au hakuitafuta, na baada ya muda gari likauzwa likiwa linavutwa kwa kamba. Hamisi akapona polepole, mpaka ikawa ni mbio za mpira kutwa nzima. Mtaa mzima ukajua kwamba jini limetoka, na baba, hasira zilipokwisha, akaligeuza kuwa kisa cha kuchekesha wageni: mke wangu alimnywesha kompyuta kombe. Amelisimulia miaka yote. Mama alikuwa anacheka pamoja nao. Mimi nilikua nikicheka pia, na ndani yangu nikamweka mama kwenye fungu la watu wanaoamini kila wanaloambiwa.

Ndiyo maana, baada ya kijana yule kuondoka na gari lake, sikuweza kukaa dukani. Ijumaa nilikwenda nyumbani. Walikuwapo wageni, wazazi wa mchumba wa Hamisi, watu wa Ramisi, wamekaa barazani na baba. Mama alikuwa jikoni anachuja tui. Nilimwamkia, nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikalitoa lile nililokuja nalo.

"Mama, lile halikuwa jini. Ulikuwa moshi. Ulikuwa unaingia kwa dirisha letu, haukuwa na pengine pa kutokea."

Mama hakuacha kukamua. "Kwani nani aliyekwambia ni jini?"

Nikamtaja Shangazi.

"Nilikuwa nafuta masizi kwenye dirisha lile kila asubuhi," alisema. "Kitambaa kinakuwa cheusi. Nilimwambia baba yako kwa upole, akasema ni maneno ya mahasidi. Nilimwambia mbele ya daktari, na wewe ulikuwapo. Sasa ningemwambia wapi tena?"

"Lakini kombe, mama. Ungemwaga maji tu."

"Maji yangekuwa yangu." Alilikung'uta chujio. "Wallahi nilimwomba Mungu msamaha, na bado namwomba. Lakini mwanangu alikuwa anakufa, na gari lilikuwa halijui kufa lenyewe."

Nilitaka kumshika miguu. Nilimwona ni mkubwa kuliko nilivyowahi kumwona, na nikajionea uchungu kwa vile vicheko vyote. Kule barazani vicheko vilikuwa vimeanza, kisa kimefikia pale pale, na baba akaita, "Mama Hamisi! Njoo uwaeleze wageni mwenyewe, mimi hawaniamini."

Mama alijifuta mikono, akajitanda leso, akaenda. Nilimfuata na sinia la kahawa. Alisimama mlangoni akawasimulia habari ya jini vizuri kuliko baba anavyoisimulia, na sauti yake, na kisanduku chake, na Shangazi na mikono yake juu. Wageni walikuwa wanafuta machozi. Hamisi alikaa pembeni, kidevu kimejaa ndevu, anaipuliza kahawa yake ipoe.

"Na lilikuwa likiingilia wapi, mama, hilo jini?" mkwe mtarajiwa aliuliza.

"Dirishani," mama alisema. "Chumba cha watoto. Nilikuwa nalifuta kila asubuhi kwa kitambaa."

Wageni walicheka. Baba alikuwa amekiinua kikombe chake na hakukifikisha mdomoni. Alikirudisha kwenye sinia. Kisha akajisogeza pembeni mwa mkeka, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi karibu naye.

"Kaa, Mama Hamisi," alisema. "Umesimama sana."